Dawa za Kutuliza Wasiwasi Zinapogeuka Mazoea: Mwongozo Kamili wa Kujipima na Kuzipunguza kwa Usalama

Kidonge cha kwanza hufanya kazi, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mtu amekesha siku tatu, moyo unamdunda, kifua kimembana. Anameza kidonge kidogo, na kabla saa haijaisha mabega yameshuka na pumzi imerudi. Nani atamlaumu akikitaka kingine kesho?

Mwongozo huu ni wa yule ambaye hiyo kesho imeshakuwa miezi, au miaka. Kabla ya hatua yoyote, kuna onyo moja la kushika. Kama unasoma haya ukiwa na kopo la vidonge mkononi, umeamua kulimwaga chooni usiku huu, lirudishe kabatini kwanza. Dawa hizi za wasiwasi, za jamii iitwayo benzodiazepini, zina hatari zake zikitumiwa muda mrefu, lakini kuziacha ghafla baada ya muda mrefu kunaweza kukuletea degedege, na degedege inaua.

Na kama unatumia dawa ya jamii hii kwa ajili ya kifafa, hesabu zilizomo humu hazikuhusu. Zungumza na daktari wako wa neva.

Hatua ya 1: Jua unachomeza

Watu wengi wanajua rangi ya kidonge chao kuliko jina lake. Soma pakiti, tena usome jina la dawa yenyewe lililoandikwa kwa herufi ndogo, maana jina kubwa la biashara hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Tunazozungumzia ni benzodiazepini: diazepamu (iliyopata umaarufu kwa jina la Valium), lorazepamu (Ativan), alprazolamu (Xanax), klonazepamu (Rivotril), bromazepamu na ndugu zao. Majina mengi huishia na "-pamu" au "-lamu". Dawa za usingizi kama zolpidemu na zopikloni si benzodiazepini kwa muundo, ila hugusa sehemu ileile ya ubongo, na tahadhari nyingi zilizomo humu zinazihusu pia.

Sertralini, esitalopramu na amitriptilini hazimo katika jamii hii. Hizo ni dawa za sonona ambazo baadhi hutumika pia kwa wasiwasi, nazo zina taratibu zake za kuacha.

Sasa angalia miligramu, lakini zisikudanganye. Kidonge cha alprazolamu cha miligramu 1 huonekana kidogo mbele ya diazepamu ya miligramu 10. Kwa makadirio yanayotumika sana, alprazolamu nusu miligramu ni sawa na diazepamu miligramu 10 hivi. Lorazepamu miligramu 1 nayo hukadiriwa hivyo, na klonazepamu nusu miligramu vilevile. Kwa hiyo anayemeza alprazolamu miligramu 1 asubuhi na 1 jioni anabeba mzigo unaokaribia diazepamu miligramu 40 kwa siku, na huenda hajawahi kuambiwa. Makadirio haya hutofautiana kati ya jedwali moja na jingine, kwa hiyo usijibadilishie dawa kwa kuyategemea. Kazi yake hapa ni kukuonyesha ukubwa wa mzigo.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni muda ambao dawa hukaa mwilini. Alprazolamu hupungua nusu damuni kwa saa 11 hivi. Diazepamu huchukua siku moja hadi mbili, na mabaki yake yanayoendelea kufanya kazi hukaa siku kadhaa zaidi. Tofauti hii itakuwa na maana kubwa mbele.

Hatua ya 2: Elewa kinachotokea kichwani

Ubongo una breki zake. Kemikali iitwayo GABA hupunguza kelele za chembe za neva ili usiishi kama mtu aliyesikia king'ora saa 24. Benzodiazepini haileti GABA mpya; inaifanya iliyopo ikamate kwa nguvu zaidi, kana kwamba mtu mwingine ameweka mguu wake juu ya mguu wako kwenye breki.

Ubongo hauvumilii jambo hilo muda mrefu. Ukiona breki imeshikiliwa kila siku, unalegeza breki zake wenyewe na kuongeza mafuta. Baada ya wiki kadhaa dozi ileile haikutulizi kama mwanzo, na dawa ikichelewa, gari linaruka mbele bila breki. Hapo ndipo mapigo ya moyo, jasho, mikono kutetemeka na hofu isiyo na sababu hutokea: hali ambayo watumiaji wa mihadarati huiita arosto, isipokuwa wewe hujawahi kukanyaga kijiweni. Umefuata cheti cha daktari.

Nasisitiza hili kwa sababu aibu huwazuia wengi kusema. Utegemezi wa mwili haukufanyi teja. Teja huitafuta dawa hata inapomharibia maisha, hudanganya na huongeza dozi kwa ajili ya kulewa. Mtegemezi anaweza kumeza dozi ileile kwa miaka kumi, kwa saa ileile, kwa utiifu kamili, na mwili wake ukawa umefungwa. Wapo walio na yote mawili, na hao wanahitaji msaada wa ziada, lakini usijibandike jina lisilo lako.

Wala jambo hili si ugunduzi wa juzi. Dawa ya kwanza ya jamii hii, Librium, ilitokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach na iliingia sokoni mwaka 1960. Valium ikafuata mwaka 1963. Zilipokelewa kwa shangwe kwa kuwa babichureti, dawa za zamani za usingizi na utulivu zilizotangulia, ziliua kirahisi mtu akizidisha. Lakini mwaka 1961 tu, daktari wa Marekani Leo Hollister na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa waliopewa Librium kwa dozi kubwa sana. Wagonjwa 11 walibadilishiwa ghafla vidonge visivyo na dawa ndani. Kumi kati yao walipata dalili mpya, na wawili walipata degedege, takriban wiki nzima baada ya kuacha. Shikilia hiyo "wiki nzima". Mtu anayeacha diazepamu akajisikia salama siku ya tatu hajavuka mto bado.

Ilichukua hadi mwaka 1988 kwa kamati ya usalama wa dawa ya Uingereza kuwashauri madaktari wasiziandike kwa zaidi ya wiki 2 hadi 4. Marekani iliongeza onyo lake kali zaidi kwenye pakiti kuhusu utegemezi na dalili za kuacha mwaka 2020, miaka 60 baada ya Librium. Kama daktari wako wa zamani hakukuonya, sasa unajua kwamba hakuwa peke yake.

Hatua ya 3: Jipime bila kujidanganya

Chukua karatasi ujibu kwa maandishi:

- Nimetumia kwa muda gani, karibu kila siku? Zaidi ya wiki nne ni muda wa kutosha kuchukua tahadhari zote zilizomo humu.
- Dozi imeongezeka tangu nianze? Au imebaki ileile lakini nafuu imepungua?
- Nikichelewa saa chache, mwili unanikumbusha?
- Naangalia vidonge vilivyobaki kabla ya kupanga safari?
- Namezea pombe, au natumia pia dawa kali za maumivu?
- Wasiwasi nilio nao leo ni uleule ulionipeleka hospitali?

Swali la mwisho ndilo zito, na ndilo sababu ya kuandika haya yote. Watu wengi hufikiri: "Nikikosa dawa napata hofu, kwa hiyo bado ninaumwa, kwa hiyo bado naihitaji." Huenda hofu hiyo inasababishwa na dawa yenyewe inapopungua damuni. Anayetumia alprazolamu, inayotoka upesi, anaweza kupata arosto ndogo kila siku kati ya dozi na dozi: anaamka na hofu alfajiri, anameza, anatulia, na anaisifu dawa kwa kuzima moto ambao yenyewe imewasha.

Hatua ya 4: Tazama gharama unazolipa bila kuziona

Kumbukumbu ndiyo huanza. Dawa hizi huzuia ubongo kuweka mambo mapya: mazungumzo ya jana, ulipoacha funguo, ukurasa uliosoma. Aliyezoea hudhani ni uzee au uchovu. Uhusiano wake na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni umechunguzwa sana bila jibu la kukata, kwa hiyo sitakutisha nao. Uzito wa kichwa wa kila siku unatosha.

Kisha hisia. Breki haichagui hofu peke yake. Furaha, huzuni ya msiba, hamu ya tendo la ndoa, vyote vinaweza kufifia, na sonona inaweza kuingia polepole. Wachache hupata kinyume kabisa: hasira, ukali, kutenda bila kufikiri. Familia huona haya kabla ya mgonjwa, kwa hiyo waulize walio nyumbani.

Kuanguka ni suala la wazee hasa. Ini la mzee huchelewa kusafisha dawa, hivyo dozi ya leo humkuta ya jana bado ipo. Anaamka usiku kwenda msalani, miguu haimtii, nyonga inavunjika. Ndiyo maana miongozo ya tiba ya wazee huziweka benzodiazepini kwenye orodha ya dawa za kuepukwa. Barabarani nako ni vilevile: aliyezoea hujiona mzima, lakini wepesi wa kukanyaga breki umepungua.

Mama mjamzito anayetumia karibu na kujifungua anaweza kuzaa mtoto mlegevu, asiyenyonya vizuri, au mtoto mwenye arosto. Hata hivyo kuacha ghafla akiwa mjamzito ni hatari pia. Huyo amwone daktari mapema, asiamue peke yake.

Na kuna mchanganyiko unaoua. Benzodiazepini peke yake ni nadra kuua mtu mzima mwenye afya. Ikikutana na pombe, au na dawa za maumivu za jamii ya afyuni kama mofini, kodeini na tramadoli, pumzi inaweza kusimama usingizini. Kuna migongano mingine isiyo na kelele: baadhi ya dawa za fangasi na antibaiotiki kama erithromaisini hupandisha alprazolamu damuni, ilhali rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha diazepamu kiasi cha kumletea mtu arosto bila kuruka dozi hata moja. Kila unapoandikiwa dawa mpya, mtajie mfamasia unayotumia.

Hatua ya 5: Nenda kwa daktari ukiwa umejiandaa

Beba ile karatasi, pakiti zote na orodha ya dawa nyingine. Usiseme "nataka kuacha" ukanyamaza. Sema: "Nataka kupunguza taratibu kwa miezi kadhaa, na nataka tupange pamoja." Daktari akikuambia uache wiki hii, muulize kuhusu degedege, akisisitiza, tafuta mwingine. Daktari anayekata dawa kwa siku moja hana tofauti kubwa na yule aliyeiandika kwa miaka bila kuuliza.

Kuna watu wasiopaswa kupunguza nyumbani bila usimamizi wa karibu: aliyewahi kupata degedege, mnywaji wa pombe wa kila siku, anayetumia dozi kubwa sana, mjamzito, anayetumia dawa za jamii ya afyuni, na mwenye mawazo ya kujiua. Baadhi yao huhitaji kulazwa mwanzoni.

Kuna pia wanaoamua na daktari wao kubaki na dozi ndogo, mathalani mzee aliyetumia miaka 30. Kupunguza robo tu kunaweza kumwepusha na kuanguka. Si lazima kila mtu afike sifuri, na hakuna anayepaswa kulazimishwa.

Hatua ya 6: Jenga daraja kabla ya kubomoa la zamani

Wengi huruka hatua hii, kisha wanashindwa na kujilaumu. Anza tiba mbadala wiki kadhaa kabla ya kupunguza. Tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na mwenendo ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi kwa wasiwasi. Inakufundisha kukaa na hofu bila kuikimbia, mpaka ubongo ujionee kwamba ile hofu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka yenyewe. Kidonge kinachomezwa kila inapopanda hukunyima somo hilo.

Daktari anaweza kupendekeza dawa ya sonona kama sertralini. Huchukua wiki 2 hadi 6 kuonyesha kazi na mwanzoni inaweza kuongeza wasiwasi kidogo, kwa hiyo usiihukumu mapema.

Mengine ni ya nyumbani. Kahawa, chai kali na vinywaji vya kuongeza nguvu vipunguzwe taratibu navyo. Tembea kila siku hadi utoke jasho. Jifunze kupumua kwa tumbo: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6, dakika tano, ukiwa umetulia, ili siku ya hofu usiwe unajifunza kuogelea katikati ya maji. Na pombe isichukue nafasi ya dawa. Inabonyeza breki ileile.

Hatua ya 7: Punguza kwa mwendo wa kobe

Mwaka 2025 vyama vya madaktari vya Marekani vilitoa mwongozo wa pamoja: anza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila wiki 2 hadi 4, na isizidi asilimia 25 kila wiki mbili. Asilimia hiyo huhesabiwa kwenye dozi ya sasa, si ile uliyoanza nayo. Ndiyo maana vipande vinazidi kuwa vidogo kadiri unavyoshuka.

Chukua mtu anayetumia diazepamu miligramu 10 kwa siku. Akipunguza miligramu 1 kila wiki mbili hadi afike 5, zimepita wiki 10. Kutoka 5 akipunguza nusu miligramu kila wiki mbili, ni wiki 20 nyingine. Jumla wiki 30, miezi saba hivi, ikiwa hakusimama popote. Pale mwishoni nusu miligramu ni sehemu kubwa ya dozi iliyobaki, kwa hiyo wengi huhitaji dawa ya maji inayopimwa kwa bomba dogo, au kukaa zaidi kwenye kila ngazi. Huu ni mfano wa kwenda nao kwa daktari, si cheti.

Anayetumia dawa itokayo upesi mara nyingi hupunguza moja kwa moja bila shida. Akisumbuliwa na arosto kati ya dozi, daktari anaweza kumhamishia kwenye diazepamu, ambayo hushuka damuni kwa mteremko laini. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi huko Newcastle, Uingereza, kuanzia mwaka 1982 hadi 1994, ndiye aliyeipa umaarufu njia hiyo. Kwa mzee au mwenye ini bovu, diazepamu inaweza kurundikana, kwa hiyo si ya kila mtu.

Mambo madogo yanayoharibu mpango: kukata kidonge kwa kisu cha jikoni (nunua kikatio), kukata vidonge vinavyotoa dawa polepole (havikatwi kabisa), kuruka siku badala ya kupunguza dozi, na kuacha vidonge viishe ukisubiri Jumatatu. Weka akiba ya wiki moja. Usinunue mitaani hata ukikwama. Vidonge bandia vimekutwa na dawa za jamii ya afyuni zinazoua.

Ukielemewa, simama kwenye ngazi uliyopo, hata mwezi mzima. Jitahidi usirudi juu, ila ikibidi kurudi ngazi moja, rudi moja tu. Mwenda pole hajikwai.

Hatua ya 8: Tofautisha arosto na ugonjwa

Andika shajara fupi kila jioni: dozi, saa za usingizi, wasiwasi kwa kipimo cha 0 hadi 10, na dalili mpya. Baada ya miezi miwili karatasi hiyo itajua zaidi kuliko kumbukumbu yako.

Arosto hufuata kalenda ya dozi: hupanda siku chache baada ya kupunguza, kisha hushuka. Huja na wageni ambao wasiwasi wako wa zamani haukuwa nao: masikio kuvuma, mwanga kuumiza macho, ngozi kuchomachoma, misuli kukakamaa, ladha ya chuma mdomoni, kuhisi kwamba dunia si halisi. Tena huja kwa mawimbi, siku mbili nzuri kisha moja mbaya bila sababu. Wasiwasi wa asili hukua taratibu, hushikamana na mambo yaleyale uliyoyahofia zamani, na hauachii kwa wiki kadhaa. Ukiuona huo, tiba ndiyo iongezwe, si kulaumu nia yako.

Usingizi huwa wa mwisho kurudi. Kwa wachache dalili hudumu miezi baada ya kidonge cha mwisho, zikipungua kidogo kidogo.

Hatua ya 9: Jua wakati wa kukimbilia hospitali

Degedege, hata moja, hata fupi. Kuona au kusikia visivyokuwepo. Kuchanganyikiwa, homa na kutetemeka kwa pamoja. Mawazo ya kujiua. Pumzi nzito ya kukoroma kwa mtu asiyeamshika, aliyechanganya dawa hizi na pombe au dawa kali za maumivu. Haya hayasubiri asubuhi. Anayeishi nawe ajue: mtu akipata degedege alazwe ubavu, asiwekewe kitu mdomoni, na msaada uitwe papo hapo.

Ukishamaliza, peleka vidonge vilivyobaki kwenye duka la dawa viteketezwe, maana mwili uliozoea hupoteza mazoea yake. Mtu aliyekuwa akimeza kiasi fulani kila siku bila hata kusinzia, akikikuta mfukoni mwa koti miezi sita baadaye na kumeza kiasi kilekile, kinaweza kumlaza kama asiyewahi kukionja, na akiwa na glasi ya pombe mkononi huenda asiamke.